Kabla ya Kusema "Netiweki Iko Chini", Angalia Simu Yenyewe

Kuna sentensi moja ambayo kila Mkenya anayelipa kwa simu ameisema au ameisikia: "Netiweki iko chini." Inasemwa kibandani, inasemwa kwenye steji ya bodaboda, inasemwa na mteja aliyeshika mfuko wa nyanya huku mama mboga akingoja meseji isiyofika. Wakati mwingine ni kweli. Mnara unaweza kuzidiwa, stima inaweza kupotea, na mitambo ya malipo nayo hufanyiwa matengenezo. Lakini sentensi hii imekuwa gunia la kutupia kila kitu, na kuna shida moja ambayo inafichwa humo bila kutajwa: simu yenyewe.

Msimamo wetu ni huu. Simu unayotumia kulipa ni chombo cha redio kwanza, kabla haijawa chombo cha pesa. Ubora wa redio hiyo unategemea vipande vidogo ambavyo muuzaji havitaji na tangazo halivionyeshi. Kimoja kati ya hivyo ni kichujio cha mawimbi ya uso, ambacho mainjinia hukiita SAW. Mteja anafaa kujua habari zake, kwa sababu kichujio kikilegea, pesa yake ndiyo inayoyumba.

Kichujio kinafanya nini?

Ukimimina chai, majani hubaki kwenye chujio na chai hupita. Hewani nako kumejaa kila kitu kwa pamoja: redio za FM, televisheni, simu za mitandao mingine, Wi-Fi ya jirani, hata rimoti za magari. Antena ya simu yako haina macho. Inaokota mengi kwa mkupuo. Kazi ya kichujio ni kuruhusu kipande kimoja tu cha mawimbi kipite, mengine yabaki nje.

Ugumu wa kazi hii unaonekana ukitazama namba. Chukua bendi ya 1800 inayotumika kwa 4G hapa kwetu. Simu inatuma kati ya megahetzi 1710 na 1785, na mnara unajibu kati ya 1805 na 1880. Nafasi iliyo kati ya kutuma na kupokea ni megahetzi 20 tu, yaani karibu asilimia moja ya masafa yenyewe. Tena kwenye bendi hii simu ya 4G inatuma na kupokea kwa wakati mmoja. Inapotuma inaweza kutoa nguvu ya kama wati 0.2, na papo hapo inasikiliza ishara ya mnara wa mbali ambayo inaweza kuwa dhaifu kuliko hiyo zaidi ya mara trilioni moja.

Ni kama wewe kunadi mitumba Gikomba kwa sauti yako yote, na wakati huohuo utakiwe usikie mtu anayekunong'oneza kutoka ng'ambo ya barabara. Bila kichujio kizuri, simu inajiziba masikio yenyewe.

Fuwele inayotetemeka

Namna kifaa hiki kinavyofanya kazi inapendeza, na haihitaji shahada ya uinjinia kuielewa.

Mwaka 1880, ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, waligundua kwamba fuwele za aina fulani zikibanwa hutoa umeme. Kinyume chake pia ni kweli: ukizipa umeme, hujikunja kidogo sana. Mwaka 1885, mwanasayansi Mwingereza Lord Rayleigh alionyesha kwa hesabu kwamba yapo mawimbi yanayotembea juujuu ya uso wa kitu kigumu bila kuzama ndani sana. Mawimbi ya aina hiyo ndiyo mojawapo ya yale yanayotikisa ardhi wakati wa tetemeko.

Ikapita miaka 80. Mwaka 1965, watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha California pale Berkeley, White na Voltmer, waliunganisha mambo hayo mawili. Waliweka vitana vidogo vya chuma juu ya fuwele, meno ya kimoja yakipishana na meno ya kingine, kama vidole vya mikono miwili unapoviingiza kati ya vingine. Umeme wa redio ukiingia kwenye vitana upande mmoja, uso wa fuwele unatetemeka na wimbi linaanza kutambaa. Likifika upande wa pili, linakuta vitana vingine vinavyoligeuza kuwa umeme tena.

Sasa angalia ujanja wake. Nafasi kati ya jino na jino ndiyo inayoamua ni masafa gani yatapita. Wimbi linalolingana na nafasi hiyo linapata nguvu kila linapofika kwenye jino jipya. Lisilolingana linasukumwa huku na huku hadi linafifia. Chujio la chai lina matundu. Hili lina meno.

Na kwa nini tuhangaike kugeuza redio kuwa mtetemo? Kwa sababu ya mwendo. Mawimbi ya redio hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde. Mtetemo juu ya fuwele hutembea kama kilomita 3 hadi 4 kwa sekunde, yaani unakaribia kuwa wa polepole mara laki moja. Wimbi la megahetzi 900, ambalo hewani lina urefu wa kama sentimita 33, likiingia kwenye fuwele hujikunja likawa na urefu wa kama elfu nne za milimita. Kitu ambacho kingehitaji kisanduku kikubwa kinatoshea kwenye chipu ndogo kuliko punje ya mchele. Meno yenyewe ni membamba kuliko unywele mara makumi kadhaa.

Hesabu bila programu

Tumezoea kusema pesa ya simu ni "ya kidijitali". Ni kweli, lakini si mwanzo hadi mwisho. Kabla ombi lako la kutuma shilingi 500 halijawa tarakimu za 0 na 1 kwenye mitambo yetu, lilisafiri kama wimbi, na wimbi hilo lilichujwa likiwa wimbi. Hiyo ndiyo kazi ya analogi. Kichujio cha SAW hakina programu, na hakihitaji moto wa betri ili kichuje. Umbo la meno yake ndilo hesabu yake.

Teknolojia hii haikuanzia kwenye simu. Kwenye rada, vifaa vya SAW vilitumika kuubana mlio mrefu wa redio ukawa mfupi na mkali, ili chombo kilicho mbali kionekane wazi, enzi ambazo kompyuta hazikuwa na kasi ya kufanya hesabu hiyo. Baadaye vikaingia kwenye televisheni kutenganisha chaneli, kwenye rimoti za magari, kisha kwenye simu. Leo simu moja ya kisasa ina vichujio makumi, kwa kuwa kila bendi inataka chake. Kwa masafa ya juu zaidi hutumika ndugu yake anayeitwa BAW, ambapo mtetemo hupita ndani ya mwili wa chipu badala ya juu ya uso.

Tunalisisitiza hili kwa sababu ya ushauri mmoja ambao umezoeleka mno: "Sasisha programu, itakaa sawa." Kusasisha programu ni jambo jema, na kwa usalama wa akaunti yako tunakuomba ulifanye kila mara. Lakini hakuna sasisho litakaloongeza bendi ambayo simu haikuundiwa, wala litakaloziba ufa kwenye fuwele. Ishara ikishazama kwenye kelele kabla ya kufika kwenye kompyuta ya simu, programu haina cha kuokoa.

Hapa ndipo pesa inapoingia

Tuseme ukweli: mtu hapotezi usingizi kwa sababu ya fuwele. Anapoteza usingizi kwa sababu ya shilingi. Kwa hivyo tuangalie redio dhaifu inavyogusa mfuko wako.

Kwanza, kutuma mara mbili. Ukitumia menyu ya USSD, kikao kina muda wake. Ishara ikiyumba baada ya wewe kuweka namba ya siri, skrini inaweza kukata huku ombi limeshafika na kukamilika. Kwako inaonekana imegoma. Unarudia. Pesa inatoka mara ya pili, na sasa unaanza kumbembeleza mtu akurudishie.

Pili, meseji inayochelewa. Malipo yanakamilika kwenye mitambo, si kwenye meseji. Meseji ni taarifa tu, na simu isiyoshika vizuri inaweza kuipokea baada ya dakika kadhaa au mpaka uhame mahali. Katikati hapo mteja anazuiliwa dukani kama mwizi, na yeye amelipa.

Tatu, na hili ndilo linalotuuma zaidi, ni utapeli. Mfanyabiashara aliyezoea meseji zake kuchelewa huanza kukubali kuonyeshwa skrini ya mteja: "Ona mama, imetoka." Tapeli anaishi kwa mazoea hayo. Meseji ya kughushi haihitaji ujuzi mwingi. Simu yako ikiwa haikuaminishi, unajikuta unaamini simu ya mtu usiyemjua.

Bendi si mapambo ya kwenye boksi

Simu nyingi zinazouzwa hapa zimetumika kwingine kwanza. Hatuna neno na hilo. Bei yake ni nafuu na nyingi ni nzima. Lakini simu huundwa kwa soko fulani, na vichujio vyake hufuata soko hilo. Huko Marekani 2G ilijengwa juu ya bendi za 850 na 1900. Kenya, kama sehemu kubwa ya Afrika na Ulaya, 2G inatumia 900 na 1800. Kwa 4G pia bendi hutofautiana. Simu inaweza kuwa halisi, safi, kamera ya kuvutia, na bado ikakosa bendi inayobeba mtandao wako kijijini. Ukiwa mjini, penye minara ya bendi kadhaa, hutaona tofauti. Ukifika ushago ndiyo utajua.

Ndiyo maana tunasema jambo ambalo wengine watalicheka: kwa mwenye kibanda, mulika mwizi halisi yenye 900 na 1800 inaweza kuwa chombo bora cha kupokea malipo kuliko simu kubwa ya kuvutia isiyo na bendi za hapa. USSD na meseji hazihitaji kamera tatu.

Kuna atakayetujibu kwamba mwananchi wa kawaida hana uwezo wa kuchagua, ananunua anachoweza. Tunalielewa hilo, na ndiyo sababu hatumwambii mtu anunue simu ghali. Kuuliza bendi ni bure. Bei na bendi ni mambo mawili tofauti.

Wengine wataleta hoja ya simu feki. Ni kweli, Kenya ilizima simu feki mwisho wa Septemba 2012, na bado ni busara kubonyeza *#06# uone kama ile namba ya tarakimu 15 inafanana na iliyo kwenye boksi. Lakini namba hiyo inakuambia utambulisho wa simu. Haikuambii kama vichujio vyake ni vya soko hili, wala kama fundi ameshavigusa.

Fundi, kioo na jua

Fuwele zinazotumika sana kwenye vichujio hivi, kama lithiamu tantaleti na lithiamu niobeti, ni ngumu lakini hupasuka kama kioo. Simu ikianguka vibaya, chipu inaweza kupata ufa au risasi iliyoishikilia ikaachia. Maji nayo hula viungio taratibu. Skrini itabaki inang'aa, muziki utapiga, lakini mistari ya mtandao imepungua.

Ukimpelekea fundi asiye na kipuri, kuna njia ya mkato: anatoa kipande kilichoharibika na kuunganisha waya mdogo, jampa, kuruka mahali kilipokuwa. Simu inarudisha mtandao na unafurahi. Lakini umebakiwa na sikio lisilo na chujio. Penye ishara kali itafanya kazi. Penye ishara hafifu au vurugu nyingi itahangaika. Hatusemi fundi ni mbaya. Mafundi wa Luthuli na wa vituoni kote nchini wamefufua simu ambazo bila wao zingekuwa takataka. Tunachosema ni kwamba jampa ni bandeji, na mwenye mkono ana haki ya kuambiwa kwamba amefungwa bandeji.

Joto nalo lina lake. Fuwele ikipata moto, hutanuka na mwendo wa mtetemo hubadilika, basi masafa yanahama. Kwenye kichujio cha lithiamu tantaleti kisicho na kinga, joto likipanda nyuzi 50, bendi ya 1800 inaweza kusogea kama megahetzi 3. Kumbuka nafasi nzima ni 20. Watengenezaji wazuri huweka tabaka la oksidi ya silikoni juu yake ili kupunguza kuhama huko. Kwa hiyo mwenye boda anayeifunga simu kwenye usukani juani kutwa nzima, au dereva anayeiacha kwenye dashibodi, anaipa kazi ngumu bila sababu.

Pima kabla ya kulaumu

Jaribio la kwanza halikugharimu chochote. Unapopata shida, kaa palepale, toa laini yako, iweke kwenye simu nyingine unayoiamini, kisha angalia salio. Ikifanya kazi vizuri hapo huku yako ikigoma, na hali hiyo ikijirudia siku tofauti, mshukiwa mkuu ni simu. Ikigoma kwenye simu zote mbili, tafuta sababu kwingine: mnara, laini au mitambo ya malipo. Usimpe mtu yeyote namba yako ya siri wakati wa jaribio hili, hata kama ni fundi, na hata kama ni rafiki mwenye simu.

Na malipo yakikatika katikati, usirudie kwa hasira. Angalia salio kwanza, au taarifa fupi ya akaunti. Ukikuta pesa imetoka, imetoka, subiri meseji. Mfanyabiashara, wewe pia amini salio lako na orodha ya malipo yako, usiamini skrini ya mteja.

Tunachotaka kibadilike

Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, na haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike nazo kikamilifu. Sisi tunaona haki hiyo inapaswa kufika mpaka kwenye meza ya muuza simu.

Muuzaji aandike bendi za simu mahali mteja anapoziona, pamoja na bei, na asizifiche kwenye maandishi ya mchwa nyuma ya boksi. Anayeuza simu iliyotumika ng'ambo aseme ilitengenezewa soko gani. Fundi aliyeweka jampa aandike hivyo kwenye risiti, hata kama ni kipande cha karatasi. Wakala apime simu yake ya kazi kama mwenye duka anavyopima mizani, kwa sababu simu yake ndiyo mizani ya pesa za watu.

Na sisi tunaohudumia malipo tuna sehemu yetu. Mteja akipiga simu kwamba muamala umekwama, swali la "Uko wapi?" halitoshi. Tuulize pia: "Unatumia simu gani, na je, ilianguka au ilitengenezwa karibuni?" Jibu hilo linaweza kumwokolea mtu safari ya kwenda kubadilisha laini isiyo na tatizo.

Tunajua hakuna atakayeingia dukani akaulizia fuwele. Lakini tunatamani siku ambayo mteja, kabla hajauliza kamera ina megapikseli ngapi, ataanza na swali moja jepesi: "Hii inashika 900 na 1800, na 4G yake ni bendi gani?" Muuzaji akikosa jibu, nenda duka la pili. Pesa ni yako, na simu ndiyo mlango wake.